Chunusi za Mtoto na Ulimi wa Mzazi

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 15, mwanafunzi wa kidato cha pili, asubuhi alipotoka chumbani mwake akiwa amevaa nikabu. Nyumba nzima ilijawa na furaha. Mama yake alimkumbatia, shangazi zake walipiga simu kutoka Wajir wakamwombea dua, nami, mwalimu wa Kiswahili asiyekaukiwa na maneno ya sifa, nikamwambia kwamba siku ile alikuwa amenivisha taji. Alinijibu kwa sauti ya chini, "Ahsante, aabo," kisha akashika njia kwenda shuleni. Ilipita miezi miwili kabla sijatambua kwamba mwanangu hakuivaa nikabu ile kwa sababu tuliyoidhania. Aliivaa ili mimi, mama yake, walimu wake na wanafunzi wenzake tusiuone uso wake.

Nikabu ni vazi la heshima, na kila anayelivaa kwa nia yake mwenyewe anastahili heshima hiyo. Silalamikii vazi. Ninachosimulia ni jinsi mtoto alivyosifiwa kwa jambo ambalo hakulikusudia, na jinsi kila sifa ilivyomwongezea mzigo, maana sasa hakuweza kutuambia ukweli bila ya kutuvunja moyo. Chini ya kitambaa kile mlikuwa na chunusi, jambo la kawaida kwa kijana wa umri wake. Haya aliyokuwa nayo juu ya chunusi hizo ndiyo haikuwa ya kawaida. Haya hiyo alifundishwa, na waliomfundisha tulikuwa sisi.

Kamusi za Kiswahili hulipa neno chunusi maana mbili. Maana ya kwanza ni vipele vinavyomtoka mtu usoni, aghalabu anapobaleghe. Maana ya pili ni zimwi la majini ambalo husemwa kuwa huwavuta watu chini wakazama. Kwa miaka mingi nimelitumia neno hili darasani kama mfano wa neno moja lenye maana zaidi ya moja, na kila mara niliwahakikishia wanafunzi kwamba maana hizo hazina uhusiano wowote. Sisi tunaoishi Garissa, kandokando ya Mto Tana, tunawajua watoto waliochukuliwa na maji. Siku hizi nikifika kwenye neno hilo husita kidogo, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu kwamba hata chunusi za usoni zaweza kumvuta mtoto akazama huku wazazi wake wamesimama ukingoni wakipiga makofi.

Sina budi kuungama makosa yangu, kwani makala haya hayatakuwa na maana nikiwanyoshea wengine kidole. Vipele vya kwanza vilimtoka binti yangu kwenye paji la uso alipokuwa na umri wa miaka 13. Nilimwambia anawe uso vizuri, kana kwamba alikuwa hanawi. Mama yake akamkataza nyama ya mafuta. Mjomba wake, ambaye ni mtu wa mzaha, akasema kwamba hizo ni dalili za msichana anayetamani kuolewa, nasi sote tukacheka. Jioni moja tulikuwa na wageni. Alipoleta chai, nilimtazama nikasema mbele yao, "Mbona unauharibu uso wako hivyo? Acha kuvitumbua hivyo vidude!" Mimi nilidhani ninamshauri. Aliiweka birika mezani akaondoka, wala hakurudi kula chakula cha usiku.

Alikuja kunieleza baadaye kwamba siku moja aliamua kuhesabu. Kabla ya adhuhuri, watu 9 walikuwa wamemtajia uso wake: nyumbani, njiani, dukani, na shuleni, ambako mwalimu mmoja alimwita ubaoni kwa kumtaja kwa vipele vyake badala ya jina lake. "Mmoja tu ndiye aliyekusudia kuniumiza," aliniambia. "Wale 8 walifikiri kwamba wananisaidia." Wahenga hawakukosea waliposema kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mtu anayetajiwa uso wake mara 9 kabla ya adhuhuri hatakosa kutafuta dawa, na atakapoitafuta, hatawauliza wale waliomcheka. Binti yangu alianza na yale yanayotajwa mabwenini: akapaka dawa ya meno, akapaka ndimu, akapaka mate ya asubuhi, akausugua uso wake kwa sabuni ya kipande ile ile aliyofulia sare. Ngozi ikakauka na kupasuka, na ndimu ikamwacha na mabaka meusi. Ndipo akaweka akiba fedha za chakula cha mchana akanunua kopo dogo la krimu. Kopo hilo halikuwa na lebo, wala jina la mtengenezaji, wala orodha ya vilivyomo. Krimu yenyewe ilikuwa imekorogwa kwa mkono. Aliambiwa kwamba itamsafisha.

Nayo ilimsafisha. Katika majuma mawili ya kwanza chunusi zilinywea na uso ukang'aa. Sisi nyumbani, kwa ujinga wetu, tukamsifu tena. Kufikia juma la sita au la saba, ngozi ya mashavu ilikuwa imekuwa nyembamba na nyekundu, ikiwaka moto kila alipotoka juani, na vipele vidogo vidogo visivyo na idadi vilikuwa vimejaa kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Akiiacha krimu siku 2, uso ulivimba na kuwasha; akiirudia, ulitulia. Basi akawa mtumwa wa kopo. Hapo ndipo alipovaa nikabu, nasi tukamwombea dua.

Tuliujua ukweli kwa barua. Shule yake iliniandikia kuniuliza ni kwa nini mwanangu hajaonekana darasani kwa siku 11, ilhali kila asubuhi mimi humwona akitoka na sare na mkoba. Nilikwenda kila mahali nilipodhani angeweza kuwa, moyo ukinidunda, nikifikiria mabaya ambayo mzazi yeyote hufikiria. Nilimkuta kwa ayeeyo wake, nyanya yake mzaa mimi, upande wa pili wa mji. Alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, nikabu imewekwa kando, na mama yangu akimwosha uso polepole kwa qasil. Hiyo ni unga wa majani makavu ya mti ambao Wasomali huuita gob na Waswahili huuita mkunazi. Ukichanganywa na maji hutoa povu kama sabuni, na wanawake wa jamii yetu wameutumia kunawia uso na kuoshea nywele tangu zamani. Nilimkaripia mama yangu kwa kumficha mtoto. Alinitazama akasema, "Alikuja hapa kwa sababu mimi sikumwuliza juu ya uso wake."

Nilipokaa nao pale mkekani, nilijishika kidevu kama nifanyavyo ninapofikiri, vidole vikagusa makovu yaliyo chini ya ndevu zangu. Nilikuwa nimeyasahau. Nilipokuwa na umri wa miaka 16, katika shule ya bweni, mimi pia nilikuwa na chunusi, na nilikuwa na jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Miaka ilipita, ndevu zikaota, nami nikayafunika makovu yangu kama binti yangu alivyoyafunika yake. Kisha nikasahau, hata nikapata ujasiri wa kumtajia mtoto wangu aibu ambayo mimi mwenyewe niliikimbia.

Siku ya pili yake nilimpeleka hospitali. Afisa wa kliniki aliyempokea hakushtuka wala hakucheka. Aliagiza kopo liletwe, akalinusa, akaniambia kwamba kwa dalili alizoziona usoni, krimu ile haikosi kuwa na dawa kali ya jamii ya steroidi. Dawa za namna hiyo, kama vile betamethasoni na klobetasoli, zina kazi yake halali kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya mtaalamu. Zikipakwa usoni kwa majuma mengi, hutuliza uvimbe kwanza na kuipausha ngozi, na kwa hiyo mtumiaji hudhani amepona. Halafu huifanya ngozi kuwa nyembamba, huitokezesha mishipa midogo ya damu, na huzaa chunusi za aina yake. Hatukuambiwa tulitupe kopo siku ile ile, kwani kuiacha krimu ghafla kungeufanya uso uwake zaidi. Binti yangu aliachishwa hatua kwa hatua.

Kisha mtaalamu yule akatueleza chunusi ni nini, na kwa kuwa nimesimama mbele ya madarasa kwa miaka mingi bila ya kuyajua haya, nayaandika hapa kwa faida ya walimu wenzangu na ya wanafunzi. Mtoto anapobaleghe, awe mvulana au msichana, mwili wake huongeza homoni ziitwazo androjeni. Homoni hizi huzikuza tezi za mafuta zilizo chini ya ngozi, hasa za uso, kifua na mgongo. Mafuta yakizidi, huchanganyika na chembe za ngozi zilizokufa, na mchanganyiko huo huziba kitundu cha kinyweleo. Humo ndani bakteria ambao huishi katika ngozi ya kila mmoja wetu hupata makao mema na kuongezeka. Mwili ukipigana nao, mahali pale huvimba, huwa pekundu na kutunga usaha. Kile kidoa cheusi ambacho watu hukiita uchafu si uchafu. Ni mafuta na rangi ya asili ya ngozi ambayo imebadilika kwa kukutana na hewa. Kukisugua kwa nguvu ni kuumiza ngozi isiyo na kosa.

Hivyo basi, chunusi si ushahidi wa uchafu, wala si alama ya tamaa, wala ndoa haizitibu. Wataalamu hukadiria kwamba takriban asilimia 85 ya vijana wa umri wa kati ya miaka 12 na 24 huzipata kwa kiasi fulani. Urithi una sehemu yake kubwa: mtoto ambaye mzazi wake alikuwa na chunusi nyingi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuzipata. Binti yangu alirithi kutoka kwangu tezi zile zile nilizokuwa nikimlaumu kwazo.

Ama kuhusu chakula, ukweli umo katikati. Tafiti nyingi zimehusisha vyakula vinavyoipandisha sukari ya damu kwa haraka na kuzidi kwa chunusi. Mwaka 2002 wataalamu walichapisha taarifa ya uchunguzi wa wakazi 1,200 wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, wanaoishi kwa viazi, matunda, samaki na nazi. Hawakumpata hata mmoja mwenye chunusi. Kupunguza sukari katika chai yetu, ambayo sote twajua ni tamu kupita kiasi, ni jambo jema kwa mwili mzima. Hata hivyo, mtoto anayenyimwa nyama mezani huku wenzake wakila, na kukumbushwa sababu kila siku, amepewa adhabu badala ya matibabu.

Matibabu yenyewe yalikuwa rahisi kuliko nilivyodhania, na marefu kuliko nilivyotaka. Baada ya ngozi kupumzika kutokana na ile krimu, aliandikiwa dawa ya kupaka iitwayo benzoili peroksaidi ya nguvu ndogo, na baadaye jeli ya adapalini ya kupaka usiku. Tuliagizwa mambo manne. Anawe uso mara 2 kwa siku kwa sabuni laini, bila ya kusugua. Dawa aipake kidogo, juu ya sehemu yote inayotoka chunusi, si juu ya kipele kimoja kimoja. Asitumbue, kwa sababu katika ngozi nyeusi kama yetu kila kipele kilichotumbuliwa huacha baka ambalo hukaa miezi kadhaa, na jua kali la Garissa hulizidishia weusi. Na la nne, ambalo liliniwia gumu zaidi kuliko yeye, tusubiri majuma 8 hadi 12 kabla ya kuhukumu kama dawa imefaa. Katika majuma ya mwanzo uso hukauka na kuchoma kidogo, na wengi huiacha dawa wakati huo, kisha wakarudi kwenye kopo lisilo na lebo, kwa sababu kopo hutoa jibu kwa siku 14.

Kuna mengine madogo ambayo hakuna aliyetuambia mapema. Katika joto letu, ambalo mara nyingi hupita nyuzi 35 za Selsiasi, jasho na kitambaa kinachobana huizidishia chunusi ngozi ya paji la uso na kidevu; kwa hiyo hijabu na mito ya kulalia vifuliwe mara kwa mara, na kitambaa chepesi cha pamba ni bora kuliko kizito. Mafuta mazito ya nywele yanayoteremka hadi kwenye paji la uso huziba vitundu. Benzoili peroksaidi nayo hupausha nguo. Kabla hatujalijua hilo, hijabu nyeusi za binti yangu zilikuwa na madoa ya rangi ya chungwa, na mama yake akawa anailaumu sabuni ya unga. Qasil ya ayeeyo haikukatazwa. Mtaalamu alisema kwamba ikiwa haimwashi anaweza kuendelea kunawia, mradi asiifanye badala ya dawa. Mama yangu alilipokea agizo hilo kwa uso wa mtu aliyetarajia hivyo hivyo.

Sisemi kwamba kila mtoto atahitaji dawa hizi, wala simshauri mzazi yeyote ajiandikie. Wapo wanaopona kwa kunawa na kungoja tu. Wapo wenye mavimbe makubwa yenye maumivu ambayo huacha makovu ya kudumu. Hao wafikishwe kwa daktari mapema, kwa kuwa zipo dawa za kumeza ambazo zinahitaji uangalizi wa karibu. Isotretinoini, mathalani, huweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, na kamwe isitumiwe kiholela. Viuavijasumu vilivyobaki kabatini baada ya ugonjwa mwingine visimezwe kwa ajili ya chunusi, kwani matumizi ya namna hiyo huwazoesha bakteria dawa hata zikakosa nguvu siku zinapohitajika.

Kuhusu makopo yale, sheria haikulala. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Mkataba wa Minamata uliokubaliwa mwaka 2013 uliyataka mataifa wanachama yakomeshe ifikapo mwaka 2020 vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa kila sehemu milioni, na mwaka 2023 wanachama wakakubaliana kuikomesha zebaki yote katika vipodozi. Lakini sheria haiwezi kuketi kando ya kila meza ya sokoni, wala haiwezi kumzuia msichana anayetafuta uso mpya kabla ya Jumatatu. Mnunuzi wa kopo hilo huwa amekwisha kufanywa nyumbani na darasani kabla hajafika sokoni. Wauzaji wakamatwe, nami nitashangilia. Lakini tukiendelea kuwatajia watoto nyuso zao, wauzaji wengine watazaliwa kesho yake.

Huenda msomaji akaniuliza kama sioni haya kuandika juu ya vipele katika eneo letu hili. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu 5 ya mvua ilikosa kunyesha mfululizo, na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa kando ya barabara zetu. Kisha mafuriko ya mwaka 2023 na ya mwaka 2024 yakaja kuwahamisha watu kutoka makwao. Katika nchi ya ukame na mafuriko, chunusi ni nini? Swali hilo nilijiuliza mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye foleni ya hospitali, kati ya mama aliyebeba mtoto mwenye utapiamlo na mzee aliyekuwa akikohoa damu. Nilitamani kuinuka niende zangu.

Jibu nililolipata ni kwamba mtoto hapimi huzuni yake kwa mizani ya wilaya nzima. Anaipima kwa siku yake mwenyewe. Utafiti uliofanywa kwa vijana zaidi ya 3,700 wa mji wa Oslo, Norway, na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba fikra za kujiua zilikuwa maradufu miongoni mwa wasichana wenye chunusi nyingi mno wakilinganishwa na wenye chunusi chache, na kwa wavulana zilikuwa mara 3. Hao ni watoto wa mji tajiri wenye hospitali kila upande. Kaskazini Mashariki, ambako kila msichana aliyefika kidato cha pili amefika huko baada ya mapambano ya familia nzima, siku 11 nje ya darasa si jambo dogo. Wapo walioanza kwa siku 11 wasirudi tena.

Walimu wenzangu, nawasihi jambo moja ambalo halihitaji bajeti wala waraka kutoka wizarani. Msimtaje mwanafunzi kwa ngozi yake, hata kwa mapenzi, hata kwa mzaha. Mkimwona aliyekuwa akiketi mbele amehamia nyuma, aliyekuwa akinyoosha mkono ameacha, au anayeinamisha kichwa kila anaposemeshwa, mwiteni faraghani mumwulize habari zake, wala si habari za uso wake. Mwalimu wa sayansi anayefundisha mabadiliko ya kubaleghe atumie dakika 10 kueleza tezi za mafuta na hatari ya makopo yasiyo na lebo. Shule zenye mabweni ziwaruhusu wanafunzi kuwa na sabuni laini na dawa walizoandikiwa, zisichukuliwe kama anasa.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu mwenye chunusi anakijua kioo kuliko mnavyomjua ninyi. Hakuna habari yoyote ya uso wake mnayoweza kumpa ambayo hana. Na wewe uliye nazo, usifiche maradhi hadi yakuumbue kama yalivyotuumbua sisi. Mtafute mtu mzima mmoja ambaye hatakucheka. Katika nyumba nyingi yumo. Kwetu alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya 70 ambaye hajui kusoma.

Wazazi, hasa akina baba, kazi yetu ni nyepesi kuitaja na nzito kuitenda. Mtoto akianza kutokwa na vipele, mwambieni mara moja, mkiwa wawili peke yenu, kwamba hali hii ni ya kawaida, kwamba ina tiba, na kwamba akitaka mtampeleka kwa mtaalamu. Mkiwahi kuwa nazo nanyi, mwambieni hilo pia. Kisha nyamazeni. Akikubali, mpelekeni, mlipie dawa, mngoje miezi 3 bila ya kumkagua usoni kila asubuhi kama mkulima anayekagua shamba lake. Hilo la kungoja bila ya kukagua lilinishinda kwa mwezi mzima wa kwanza, hadi mama yake alipoanza kunikanyaga mguu chini ya meza.

Uso wa binti yangu ulichukua karibu mwaka mmoja kutulia. Mabaka mengi yamefifia. Makovu machache kwenye shavu la kushoto hayataondoka. Alirudi shuleni, akalimudu somo la kemia ambalo lilikuwa limemwacha nyuma, na sasa yuko chuoni akisomea ualimu. Kuna siku anavaa nikabu na kuna siku havai. Mimi simwulizi, na nimejizuia kumsifu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Alipokuja likizo mara ya mwisho, nilipata ujasiri wa kumwuliza swali nililokuwa nimelibeba kwa miaka. Nilimwuliza, wakati ule wa mateso yake, ni neno gani ambalo alitamani kulisikia kutoka kwangu na sikulisema. Nilitarajia aniambie kwamba alitaka kuambiwa kuwa ni mzuri. Alifikiri kidogo, akasema, "Aabo, ningetaka uniulize nimejifunza nini shuleni siku hiyo. Ulikuwa ukiniuliza kila siku, kisha chunusi zikatoka, ukaacha."